Hofu ya Mabwana wa Charleston

Katika somo la falsafa tunafundishwa kuwa mtu ni kiumbe mwenye akili na utashi. Sheria za kusini mwa Marekani zilimhesabu mtumwa kuwa mali. Lakini tutazame mabwana walivyoogopa.

Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa, waliasi. Tarehe 1 Januari 1804 nchi yao ikawa Haiti huru, na habari zikasafiri na mabaharia. Mwaka 1822 huko Charleston, Denmark Vesey, aliyejinunulia uhuru kwa fedha za bahati nasibu, alishtakiwa kupanga uasi akitumaini msaada wa Haiti. Watu 35 walinyongwa. Desemba ikatungwa sheria: baharia mweusi huru akifika bandarini afungwe mpaka meli yake iondoke, na nahodha alipe gharama. Kosa lake? Hakuna. Waliogopa atakachosema. Nani humfunga mtu ili ng'ombe wasisikie habari?

Hofu hiyo ililifikia Kanisa. Papa Gregori XVI alipolaani biashara ya watumwa mwaka 1839, waziri wa mambo ya nje, John Forsyth, aliuhesabu waraka huo pamoja na kampeni za ng'ambo dhidi ya utumwa. Askofu John England wa Charleston akamjibu kwa barua kadhaa kwamba Papa alikataza biashara tu, si utumwa wa majumbani. Ndiye huyohuyo aliyefungua shule ya watoto weusi huru mwaka 1835, akashinikizwa hadi akaifunga. Sisi tunaojiandaa kuhubiri tunaona ugumu kumhukumu, na ugumu zaidi kumtetea.