Kwa Nini Begi Lako Hupimwa Kabla ya Kupanda Ndege Ndogo

Mfanyabiashara anayenunua vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, na kuondoka siku hiyohiyo kwa ndege ndogo kwenda Mafia au Unguja, hupata mshtuko akifika kwenye mizani ya uwanja wa ndege. Kampuni nyingi za ndege hizo humruhusu abiria kilo 15 tu, tena katika begi laini. Wapo wanaodhani kuwa hiyo ni hila ya kuwatoza fedha. Sivyo.

Tuchukue Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayotumika sana katika safari hizi. Uzito wake wa juu kabisa wakati wa kupaa haufiki kilo 4,000, ukijumlisha ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mizigo. Abiria 12 wakificha kilo 5 kila mmoja, rubani huruka na kilo 60 asizozijua. Ni sawa na kumbeba mtu mzima ambaye hakuandikwa popote. Siku ya jua kali hatari huongezeka, kwani hewa yenye joto ni nyepesi na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili inyanyuke.

Tena haitoshi kujua uzito ni kiasi gani. Ni lazima kujua umekaa wapi. Kila aliyepita Kariakoo amewahi kuona mkokoteni uliorundikiwa mzigo nyuma: mikono yake hupaa juu na mvutaji akabaki ananing'inia. Ndege iliyolemewa mkiani nayo huinua pua, na rubani aweza kushindwa kuishusha. Tarehe 25 Agosti 2001, huko Bahamas, ndege ndogo aina ya Cessna 402 ilianguka mara tu baada ya kupaa. Watu wote 9 walifariki, akiwemo mwimbaji wa Marekani, Aaliyah. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilizidishiwa uzito, na kwamba uzito huo ulielemea nyuma kupita mpaka uliowekwa.

Kwa hiyo, ukiombwa kupanda mizani wewe mwenyewe, usione haya, wala usihame kiti ulichopangiwa bila ruhusa ya rubani. Begi gumu la magurudumu liache nyumbani, kwa sababu sehemu ya mizigo ni finyu. Mzigo upime dukani kabla hujaulipia usafiri, na uulize mapema bei ya kila kilo inayozidi. Mtungi wa gesi, petroli, tina na betri ya gari yenye tindikali havipandi ndege ya abiria hata vikiwa vyepesi. Pawabenki hubebwa mkononi, haiwekwi kamwe ndani ya begi linalokabidhiwa.

Bidhaa nzito za Mafia ni afadhali zipitie Nyamisati, zivushwe kwa chombo cha majini hadi Kilindoni.

Begi lako likiachwa kwa sababu ya uzito, dai stakabadhi inayoonyesha kilo zake na siku litakayosafirishwa. Lisipofika, lalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, na utunze nakala. Usiporidhika na jibu, peleka nakala hiyo pamoja na tiketi na stakabadhi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.