SOMO LA NYANYA: OTESHA MICHE YAKO MWENYEWE KABLA YA MVUA NDEFU

Kila mwaka mvua ndefu inapoanza mwezi wa Machi, watu wengi huonekana sokoni wakinunua miche ya nyanya iliyofungwa mafungu kwa kamba ya mgomba. Kununua miche si kosa. Lakini mnunuzi huona majani tu; haoni udongo ambamo miche hiyo ilikulia. Basi somo letu ni namna ya kuotesha miche nyumbani na kuihamisha bustanini, ili mkulima ajue tangu mwanzo ni kitu gani anachokiingiza katika shamba lake.

Hasara iliyonifunza

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana kosa la mwalimu laweza kuwa faida ya mwanafunzi. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na karatasi za mashauri juu ya nyanya hupita mikononi mwangu kila siku. Hata hivyo mwaka mmoja nilichelewa kutengeneza kitalu, nikanunua miche 60 kwa muuzaji wa kando ya barabara. Ilikuwa ya kijani na ya kupendeza. Niliipanda jioni ile ile.

Juma la sita, maua yalipoanza kutokea, mmea mmoja ulilegea saa sita za mchana ingawa udongo ulikuwa na maji. Jioni ukainuka. Kesho yake ukalegea tena, na siku ya nne ukafa, majani yake yakiwa bado ya kijani. Kisha ukafuata wa pili, kisha mstari mzima.

Afisa wa kilimo wa wadi yetu alipofika, hakuyatazama majani. Alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akaniambia, "Bwana Karani, niletee maji safi katika bilauri." Akakishika kipande kile kikining'inia ndani ya maji bila kukitikisa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka shinani.

"Huu ni mnyauko wa bakteria," akasema. "Hauna dawa. Ng'oa mimea yote iliyougua, uichome moto, na mahali hapa usipande nyanya tena kwa miaka mingi."

Mama watoto akauliza, "Na viazi je?"

"Viazi pia la, mama. Viazi, biringanya, pilipili, hata managu, zote ni jamaa moja na nyanya, na ugonjwa huu huzishika. Pandeni mahindi, vitunguu au sukumawiki."

Miche ile ilinigharimu shilingi 180. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kipande cha bustani kilicho karibu na maji, ambacho hata leo hatuwezi kukipanda nyanya wala viazi. Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa udongoni miaka mingi, navyo husafiri kwa maji, kwa jembe, kwa viatu, na kwa udongo ulioshika mizizi ya mche. Sisemi kwamba kila muuza miche ana miche mibaya. Lakini ikiwa ni lazima kununua, nenda ukakione kitalu kwa macho yako, na uulize mahali pale palipandwa nini miaka iliyopita.

Mahali pa kitalu

Chagua mahali ambapo nyanya na jamaa zake hazikupandwa kwa muda wa miaka mitatu au zaidi. Ikiwa mnyauko uliwahi kuonekana hapo, pahame kabisa. Pawe karibu na maji, pasiwe na kivuli cha mti, wala pasipitiwe na maji yatokayo katika shamba la juu.

Wengi hulima kitalu kikubwa kuliko haja yao. Tufanye hesabu. Kitalu chenye urefu wa mita 1 na upana wa mita 1 huingia mistari 6, yenye nafasi ya sentimita 15 kati yake. Miche ikiachiwa sentimita 4 katika mstari, kila mstari utakuwa na miche 25, na kitalu chote 150. Kwa bustani ya nyumbani inayotaka miche 60, hiyo yatosha, na utakuwa na nafasi ya kuchagua iliyo bora na kuitupa iliyo dhaifu.

Lima udongo mpaka uwe laini, uuinue kama sentimita 15 ili maji ya mvua yasituame. Changanya debe moja la samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta wadudu. Mwenye nafasi na aanze mapema zaidi: aloweshe udongo, aufunike kwa karatasi ya plastiki angavu iliyobanwa pembeni, na kuiacha juani majuma manne hadi sita. Joto lile huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa ya miche. Lakini asidhani kwamba limetakasa udongo wenye mnyauko wa bakteria, kwa maana vijidudu vyake huishi hata chini sana.

Mbegu

Nunua mbegu katika pakiti iliyofungwa, usome tarehe yake. Gramu moja ina mbegu karibu 300, kwa hiyo pakiti ndogo yatosha. Aina kama Cal J na Rio Grande ni fupi, na huweza kukua bila miti mirefu ya kuegemea. Aina kama Money Maker hurefuka, nazo hutaka kufungwa kwenye miti. Mbegu za chotara usizikamue kutoka katika tunda ili upande tena, kwa maana watoto hawatafanana na mama yao.

Kupanda na kutunza kitaluni

Ukipanda katikati ya Februari, miche itakuwa tayari mwishoni mwa Machi, wakati mvua ndefu inapoanza mahali pengi. Chora vifereji vya kina cha sentimita 1. Dondosha mbegu moja moja, usizimwage kama chumvi katika mchuzi. Fukia kwa udongo laini, tandaza nyasi kavu nyembamba, kisha mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo.

Mahali pa joto mbegu huota baada ya siku 5 hadi 8. Kwenye baridi hukawia zaidi. Siku ile utakapoona vichwa vya kwanza, ondoa nyasi zile. Ukichelewa siku mbili tu, miche itakuwa mirefu, myembamba na yenye shingo dhaifu. Jenga juu yake dari ndogo ya nyasi kwa kimo cha mita 1 kuipunguzia jua kali, nawe uipunguze dari hiyo kidogo kidogo kadiri miche inavyokua.

Mwagilia asubuhi. Kitalu kinacholala na maji usiku, tena chenye miche iliyosongamana, ndicho kinachopata ugonjwa wa kuoza shingo: mche huonekana mzima jioni, na asubuhi umelala chini, shina limenywea usawa wa udongo. Ukiuona, ng'oa iliyoanguka pamoja na iliyo karibu yake, punguza maji, na uache upepo upite.

Jani la kweli la kwanza likitokea, ndilo lile lenye pindo za menomeno, punguza miche mpaka ibaki sentimita 4 kati ya mmoja na mwingine. Wengi huona huruma kung'oa. Lakini miche mitatu inayong'ang'ania chakula cha mmoja yote mitatu hukosa nguvu.

Kuna adui mwingine ambaye babu zetu hawakumjua. Ni nondo mdogo wa nyanya aitwaye Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika Kenya alionekana mwaka 2014. Kiwavi wake hula ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, na kuacha mabaka meupe. Kitalu chake chema ni kile kilichofunikwa chandarua chenye matundu madogo sana, pindo zake zikifukiwa udongoni. Jani lenye mabaka hayo lichumwe na kuharibiwa mara moja.

Kuizoeza miche

Hapa ndipo wengi wanapokosa. Mche uliolelewa kwa maji mengi na kivuli, ukipelekwa juani ghafula, hunyauka kama mtoto aliyetolewa jikoni penye joto na kulazwa nje usiku. Juma moja kabla ya kuhamisha, punguza maji mpaka udongo uanze kukauka juu, ila usiache miche inyauke. Ondoa dari saa za asubuhi, halafu mchana, na mwishoni siku nzima. Shina litakuwa gumu, na mche utakuwa tayari kwa safari.

Mche mzuri una majuma manne hadi sita, majani ya kweli manne hadi sita, kimo cha sentimita 10 hadi 15, na shina lenye unene wa penseli. Mche mrefu sana si mche bora. Wenye maua tayari, wenye madoadoa, au wenye majani yaliyojikunja uachwe.

Siku ya kuhamisha

Tayarisha mashimo mapema, yenye nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mimea. Tia katika kila shimo viganja viwili vya samadi iliyooza na kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya DAP, uchanganye vizuri na udongo, kwa kuwa mbolea ikigusa mizizi huiunguza. Kwa aina ndefu, simamisha miti sasa. Ukiisimamisha baadaye utaikata mizizi.

Ngoja jioni, au siku ya mawingu. Mwagilia kitalu kwanza ili udongo ushikamane na mizizi. Osha mikono kwa sabuni, hasa wewe uvutaye sigara au unusaye ugoro, kwa sababu tumbaku yaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoingia katika nyanya kwa vidole. Inua mche kwa kijiti au mwiko pamoja na bonge la udongo, ukiushika kwa jani, si kwa shina. Jani likivunjika, lingine litaota; shina likipondeka, mche umekufa.

Panda kwa kina kuliko ulivyokuwa kitaluni, mpaka vile vijani viwili vya kwanza vifukiwe. Nyanya ina tabia njema: shina lililofukiwa hutoa mizizi, na mizizi mingi ndiyo maji mengi wakati mvua inapokatika. Kandamiza udongo kwa vidole, mwagilia chini, kisha tandaza nyasi bila kugusa shina. Uweke kijitawi cha kivuli kwa siku mbili au tatu. Kama viwavi wa udongoni hukata miche kwenu, zungushia kila shina kipande cha gazeti, nusu yake chini ya ardhi na nusu juu.

Mvua ikizidi, magonjwa ya majani huja upesi. Mwagilia shinani tu, toa majani yanayogusa ardhi, na usiingie bustanini majani yakiwa na umande. Jembe lililofanya kazi katika shamba la mtu mwingine lioshwe kabla ya kugusa bustani yako.

Mambo ya kukumbuka

Ardhi safi kwanza, mbegu safi pili, haraka hakuna. Siku 40 za kitalu ni kazi ya dakika chache asubuhi. Mimi nilitaka kuziepuka siku hizo 40, na sasa nahesabu miaka.

Maswali ya kujijaribu, au ya kuzungumza katika kikundi

1. Taja mazao manne ambayo ni jamaa ya nyanya.
2. Utatumiaje bilauri ya maji kuutambua mnyauko wa bakteria?
3. Kwa nini nyasi za kitalu huondolewa siku ile miche inapoota?
4. Miche huzoezwa jua kwa njia gani, na kwa muda gani?
5. Kwa nini mche wa nyanya hupandwa kwa kina kuliko ulivyokuwa kitaluni?
6. Mistari 4 yenye miche 25 kila mmoja hutoa miche mingapi? Ukiitupa robo iliyo dhaifu, utabaki na mingapi ya kupanda?