SOMO LA JIKONI: SUPU YA MIFUPA YA KUKU, AKIBA IOZAYO

Pande za Kangemi, magharibi ya jiji la Nairobi, kuku ni chakula cha heshima. Wakazi wengi wa huko asili yao ni nchi za Magharibi ya Kenya, ambako mgeni asiyeandaliwa kuku huweza kudhani kwamba hakukaribishwa. Basi siku ya Jumapili, au siku ya kupokea wageni, kuku huokwa au huchomwa, huliwa kwa ugali, kisha mifupa hukusanywa sahanini na kutupwa. Katika kuitupa, mwenye nyumba hutupa pia mchuzi wa chakula kingine, ambao amekwisha kuulipia sokoni.

Madhumuni ya somo hili ni matatu. Kwanza, kueleza namna ya kuipika mifupa hiyo hata itoe supu njema. Pili, kuonyesha jinsi supu hiyo inavyoweza kuwadhuru watu wa nyumbani isipotunzwa vizuri. Tatu, kueleza ni kitu gani supu haiwezi kumpa mtoto, ingawa watu wengi hudhani kwamba inaweza.

Yaliyomo ndani ya mifupa

Mifupa ya kuku aliyekwisha kuliwa haikosi vipande vya nyama, ngozi, mishipa na gegedu. Ndani ya gegedu, ngozi na mifupa yenyewe mna kitu kiitwacho kolajeni, ambacho ndicho kishikacho viungo vya mnyama pamoja. Kolajeni ikipikwa polepole kwa muda mrefu hugeuka kuwa gelatini, nayo gelatini huyeyuka majini. Hii ndiyo sababu supu iliyopikwa vizuri huganda kama uji mzito ikipoa. Ladha yake na rangi yake ya hudhurungi hutoka katika ule mchomo wa moto ulioikausha ngozi na nyama. Kwa hiyo mifupa ya kuku wa kuokwa hutoa supu yenye ladha nzito kuliko mifupa mibichi.

Namna ya kupika

Chukua mifupa yote ya kuku mmoja, pamoja na shingo na mabawa yaliyosalia. Ikusanye mara tu watu wamalizapo kula, wala usiiache mezani hata asubuhi. Mifupa iliyopita vinywani mwa watu haikatazwi, maana moto utaisafisha, lakini yapasa iingie sufuriani siku ile ile ikiwa ingali mipya. Vunja mifupa mikubwa mara moja au mbili ili maji yapate njia. Kama kuku aliokwa katika trei, mimina maji ya moto kidogo ndani ya trei, ukwangue yale masalio yaliyoshika, nayo uyatie sufuriani; hayo ndiyo yenye ladha kuliko yote.

Tia maji baridi yapata lita 2, au kiasi cha kuifunika mifupa na kupita juu yake vidole viwili. Ongeza kitunguu kimoja kilichokatwa mara nne, karoti moja, na mabua ya dania ambayo kwa kawaida hutupwa. Usitie chumvi sasa. Kuku alikwisha kutiwa chumvi alipochomwa, na maji yakipungua, chumvi hiyo huzidi kukolea. Onja mwisho, ndipo uongeze ikihitajiwa.

Chemsha, uondoe povu lipandalo juu, kisha punguza moto hata maji yawe yakitokota polepole tu. Moto mkali huyachanganya mafuta na maji na kuifanya supu iwe ya kijivu, tena hupoteza makaa bure. Funika sufuria, uache nafasi ndogo kwa mvuke.

Hapa mpishi wa Kangemi na akumbuke jambo ambalo mwenzake wa Mombasa hana haja nalo. Nairobi iko yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi, maji huchemka kwa joto la nyuzi 94 hivi, wala si 100 kama pwani. Kwa hiyo kila kitu cha kuchemshwa huko huchukua muda zaidi. Kuku wa nyama wa siku hizi, ambaye huchinjwa angali mchanga, mifupa yake hutosheka kwa saa mbili. Kuku wa kienyeji aliyekomaa huhitaji saa tatu au zaidi.

Mwenye sufuria ya presha hufupisha kazi hii hata saa moja. Chombo hiki asili yake ni mifupa yenyewe. Mwaka 1679 Denis Papin, mtaalamu Mfaransa aliyekuwa London, aliwaonyesha wanachama wa Royal Society chungu cha chuma chenye kifuniko kilichofungwa kabisa. Mvuke ukizuiwa ndani, joto hupita lile la maji yachemkayo, hata mifupa migumu hulainika. Sufuria za presha za leo ni wajukuu wa chungu hicho.

Asiyekuwa na sufuria hiyo asiwashe jiko kwa ajili ya supu peke yake, maana makaa au gesi vitakula faida yote. Na ateleke mifupa pale maharagwe au githeri yakiisha kuiva, makaa yangali na nguvu.

Mwisho chuja supu kwa chujio lenye matundu madogo, na ikiwa itatumiwa na watoto, ichuje mara mbili. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika kwa ncha kali kama sindano, nao huweza kukwama kooni. Kwa sababu iyo hiyo usimpe mbwa. Uzike shambani, au uutupe mahali ambapo mbwa hawawezi kufukua.

Hatari iliyomo katika supu ya jana

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Neno hili ni la kweli kwa fedha na kwa mahindi makavu, lakini supu ni akiba iozayo, tena huoza kabla ya kutoa harufu.

Watu wengi huiacha supu ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu, jikoni usiku kucha, wakiamini kwamba kwa kuwa imechemka ni safi, na kwamba baridi ya Nairobi mwezi wa Julai itaitunza. Sivyo. Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini baadhi yao, mathalani vile viitwavyo Clostridium perfringens, huacha mbegu ambazo hazifi kwa maji yachemkayo. Sufuria iliyofunikwa hupoa polepole sana. Supu ikiwa na joto la nyuzi 40 na kitu, lile la uvuguvugu, mbegu hizo huamka na kuzaana upesi, maana wamepata kila wanachohitaji: maji, joto na chakula cha nyama. Alaye supu hiyo huanza kushikwa na msokoto wa tumbo na kuhara baada ya saa 6 hadi 24. Mtu mzima mwenye afya hupona kwa siku moja au mbili. Lakini kwa mtoto mdogo au mzee, kuhara huko huweza kumaliza maji mwilini, naye yapasa apewe maji yenye dawa ya ORS na kupelekwa kliniki bila kukawia.

Wengine husema, “Nitaichemsha tena asubuhi.” Kuchemsha tena ni lazima, lakini hakuponyi kosa la usiku. Vipo vijidudu vingine, kama Staphylococcus aureus, ambavyo hukaa katika ngozi na pua za watu na kuingia chakulani kwa mikono. Hivyo vikizaana hutoa sumu, na sumu hiyo hustahimili kuchemshwa hata baada ya vijidudu vyenyewe kufa.

Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Basi shika kanuni hizi:

1. Asiyekuwa na friji na apike supu kwa kiasi cha kuisha siku ile ile. Isiachwe ilale.

2. Mwenye friji na aipoze upesi kwanza. Gawanya supu katika vyombo vipana visivyo na kina, uviweke ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge, na ubadilishe maji yakipata moto. Ndani ya saa mbili iwe imeingia frijini. Humo itumiwe kwa siku tatu.

3. Kila itumikapo, ichemke hata itokote yote, si kupashwa moto tu. Chukua kiasi cha kutumia, kilichobaki kisirudishwe.

4. Stima ikipotea kwa zaidi ya saa nne, supu iliyokuwa frijini na imwagwe. Hasara ya bakuli moja ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Jambo ambalo supu haliwezi

Kwa kuwa supu hunukia na huganda, watu huidhani kuwa ni chakula cha kujenga mwili, na huwapa watoto wachanga na wagonjwa supu tupu mahali pa chakula. Kosa hili si geni. Katika Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19, maskini na wagonjwa wa Paris walilishwa supu ya gelatini ya mifupa, kwa kuaminiwa kwamba inaweza kushika mahali pa nyama. Wataalamu waliongozwa na François Magendie wakaichunguza habari hiyo kwa miaka mingi, nao mwaka 1841 walitoa taarifa yao: mbwa waliolishwa gelatini peke yake walidhoofika. Sababu ilijulikana baadaye. Gelatini ni aina ya protini, lakini imekosa sehemu mojawapo ambayo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Hata madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo ugumu wa mfupa, hutoka machache sana sufuriani.

Mtoto na anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake hata atimize miezi 6. Baada ya hapo supu itumike kama maji ya kupikia, wala isiwe chakula chenyewe. Ponda ndani yake maharagwe au ndengu. Tia yai lililopikwa likaiva. Au saga nyama iliyobanduliwa mifupani. Kwa kalsiamu, omena waliokaushwa na kusagwa wana faida kuliko mifupa ya kuku, kwa kuwa omena huliwa pamoja na mifupa yake. Mgonjwa naye apewe supu imrudishie hamu ya kula, kisha apewe chakula.

Kwa watu wazima, supu hiyo huupa ladha wali, ndengu, kunde au mrenda, hata nyama isipokuwapo mezani. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, nayo yatosha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mpishi wa Nairobi hutokosa mifupa kwa muda mrefu kuliko mpishi wa Mombasa?

2. Jirani ameacha supu katika sufuria iliyofunikwa tangu saa mbili usiku. Asubuhi haina harufu mbaya. Utamshauri afanye nini, na kwa sababu gani?

3. Mama wa mtoto wa miezi 8 amekuomba supu ya kumlisha mwanawe. Utamwambia aichanganye na nini?