MAJILIO NYUMBANI: KUWAFUNDISHA WATOTO KUNGOJA

Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa kifupi Majilio ni nini, desturi zake zimetoka wapi, na jinsi watu wa nyumba moja wanavyoweza kuyashika pamoja na watoto wadogo kabla ya Krismasi. Nimechagua jambo hili kwa sababu shule zetu hufungwa karibu na mwanzo wa Desemba, yaani wakati ule ule Majilio yanapoanza. Hivyo sisi wa bweni hufika nyumbani siku ambazo wadogo zetu huuliza kila asubuhi, "Krismasi bado siku ngapi?" Yafaa tuwe na jibu.

Neno "majilio" latokana na kuja. Maana yake ni kufika kwa mtu anayengojewa. Wengine husema "Adventi", neno lenye asili ya Kilatini, nalo maana yake ni ile ile. Kwa Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian, Majilio ndiyo mwanzo wa mwaka wa Kanisa. Wakristo hukumbuka jinsi watu wa kale walivyomngojea Mwokozi, na tena hujiweka tayari kwa kuja kwake mara ya pili. Ndiyo sababu vitambaa vya kanisani huwa vya zambarau, rangi ya toba. Katika karne ya 6 Wakristo wa nchi ambayo leo ni Ufaransa walikuwa wakifunga siku tatu kila juma, tangu 11 Novemba mpaka Krismasi. Basi twaona kwamba tangu zamani siku hizi zilikuwa za kujitayarisha, si za karamu. Karamu ilikuja baadaye, na kwa sababu ilingojewa ilikuwa tamu.

Hesabu ya Majilio ni rahisi, hata mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya. Chukua kalenda, tafuta 25 Desemba, kisha hesabu Jumapili nne kurudi nyuma, bila kuihesabu siku ya Krismasi yenyewe. Jumapili ya nne utakayoifikia ndiyo mwanzo. Haiwezi kuwa kabla ya 27 Novemba, wala baada ya 3 Desemba. Mwaka 2022 Krismasi ilikuwa Jumapili, kwa hiyo Majilio yalianza 27 Novemba yakawa siku 28, nayo ndiyo marefu kuliko yote. Mwaka 2023 Krismasi ilikuwa Jumatatu. Majilio yakaanza 3 Desemba yakawa siku 22 tu, na Jumapili ya nne ikawa ndiyo mkesha wenyewe. Mpe mdogo wako kazi hii, naye atapata somo la hesabu na la dini kwa pamoja.

Sasa nitaeleza asili ya desturi mbili. Ya kwanza ni taji la matawi lenye mishumaa. Mwalimu wa dini mmoja wa Ujerumani, Johann Hinrich Wichern, alifungua mwaka 1833 nyumba ya kulelea watoto maskini karibu na mji wa Hamburg, ikaitwa Rauhes Haus. Yasimuliwa kwamba watoto wale hawakuacha kumwuliza Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 alitwaa gurudumu la gari, akasimamisha juu yake mishumaa 24: midogo myekundu 20 kwa siku za kazi, na mikubwa myeupe 4 kwa siku za Jumapili. Mwaka ule Majilio yalianza 1 Desemba, ndiyo maana idadi ilikuwa 24. Kila siku mshumaa mmoja uliongezwa kuwashwa, na watoto wakaweza kujihesabia wenyewe siku zilizobaki. Baadaye taji likapunguzwa, na leo makanisani twaona mishumaa minne tu.

Desturi ya pili ni nyota ya pembe nyingi inayotundikwa tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio. Hii ilianza katika miaka ya 1830 katika shule ya bweni ya Wamoravian mjini Niesky, Ujerumani. Haikuwa pambo kwanza. Ilikuwa somo la jiometri. Wanafunzi walitengeneza piramidi za karatasi, 17 zenye kitako cha pembe nne na 8 zenye kitako cha pembe tatu, wakaziunganisha zikawa nyota ya pembe 25. Wamisionari wa kanisa hilo ndio waliofika huku kwetu Rungwe mwaka 1891.

Angalieni jambo hili, wenzangu. Taji lilianza katika nyumba ya watoto maskini, na nyota ilianza katika bweni. Hakuna hata moja iliyoanzia dukani. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Majilio ni mambo ya wenye fedha.

Lakini siku hizi twaona nini? Katika nyumba nyingi Desemba ni mwezi wa kungoja vitu. Baba yuko kazini mbali, naye hufika kwa basi siku mbili tatu kabla ya sikukuu. Watoto hungoja nguo mpya, viatu, soda na wali. Mzazi akiwa na kitu, sikukuu huisha jioni ile ile, na asubuhi mtoto huuliza kuna nini kingine. Mzazi akikosa, mtoto husema Krismasi haikufika kwao. Mwaka juzi nilimwona mtoto wa jirani amejificha ndani siku nzima ya Krismasi, akakataa kwenda kanisani, kwa sababu wenzake wamevaa nguo mpya na yeye hana. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa amefundishwa kungoja nguo, na nguo hazikuja. Hapo ndipo nilipoona kwamba kungoja nako kwahitaji kufundishwa, kama kusoma kunavyofundishwa.

Mtoto mdogo hafundishwi kwa hotuba. Hufundishwa kwa kitu anachokishika mkononi, saa ile ile, kila siku. Nitataja mambo manne yasiyohitaji fedha nyingi, ambayo tuliyafanya nyumbani kwetu Desemba iliyopita.

Kwanza, punje za mahindi. Hesabu punje kadiri ya siku za Majilio za mwaka huo, uzitie katika kibakuli. Kila jioni baada ya chakula mtoto mmoja atoe punje moja na kuitia katika chupa. Hivyo mtoto asiyejua kusoma kalenda huona kwa macho siku zikipungua. Kibakuli kifunikwe vizuri. Kwetu kuku alidonoa punje moja, na mdogo wangu wa miaka mitano akalia sana kwamba kuku amekula siku. Bibi akamwambia, "Siku hailiwi na kuku, mjukuu wangu. Siku huliwa na mtu asiyefanya kitu." Tukaweka punje nyingine.

Pili, mishumaa minne. Jaza mchanga katika sufuria kuukuu, simamisha mishumaa, zungusha matawi mabichi. Jumapili ya kwanza washa mmoja, ya pili miwili, na kadhalika. Mkiwasha Jumapili tu, kwa muda wa sala fupi, mishumaa hiyo minne ya kawaida yatosha mpaka sikukuu. Mtu mzima asiondoke wakati moto unawaka, na matawi yakikauka yabadilishwe, maana matawi makavu hushika moto upesi.

Tatu, kopo la maharage. Jumapili ya kwanza kila mtoto apande mbegu mbili katika kopo lililotobolewa chini. Majilio kwetu ni majira ya kazi za shamba, na watoto wanaona wazazi wakipanda na kupalilia. Waambie kwamba mbegu haifanyi haraka kwa sababu unaitazama. Siku za kwanza hawataona kitu, nao watataka kufukua. Wakataze. Baada ya juma moja au zaidi kidogo chipukizi hutokea, na siku ya Krismasi kopo lina majani. Sijui mfano mwingine wa imani ambao mtoto hushika upesi kama huu.

Nne, konzi ya jirani. Kila siku mama anapopima maharage ya kupika, mtoto atoe konzi moja kwa mkono wake mwenyewe na kuitia katika mfuko uliotengwa. Ni wa nani? Ni wa mtu aliyekosa: mjane, mgonjwa, au mzee asiye na mtoto karibu. Jambo hili ni kubwa kuliko mengine yote matatu, kwa kuwa humfanya mtoto awe mtoaji kabla hajawa mpokeaji.

Masomo ya Biblia yawe mafupi, aya tano au sita tu, na kila juma liwe na kazi yake. Juma la kwanza someni habari za manabii Isaya na Mika, ambaye alitaja mji wa Bethlehemu. Kazi ya juma hilo ni kupanda mbegu. Juma la pili ni la Yohana Mbatizaji, aliyewaita watu watengeneze njia. Watoto wachukue majembe wakafyeke na kusawazisha njia ya kwenda kisimani au kwa jirani, ili wajue kwa mikono yao kutengeneza njia ni kazi gani. Juma la tatu ni la Mariamu kumtembelea jamaa yake Elisabeti, habari iliyo katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka. Juma hilo chukueni mfuko wa maharage, mwende na watoto kumtembelea yule mtu mliyemchagua. Wasiende kuacha mfuko mlangoni na kurudi mbio. Waketi, wamsalimu kwa heshima, wamtekee maji. Juma la nne ni la safari ya Yusufu na Mariamu kutoka Nazareti mpaka Bethlehemu, mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Hili ni juma ambalo wengi wetu tunangoja wasafiri wa kwetu. Watoto wafagie, waanike magodoro, watengeneze mahali pa wageni kulala, na kuwaombea walio njiani.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi huliogopa, nalo ni kusema kweli juu ya fedha. Nadhani yafaa lisemwe mapema. Mwaka jana Jumapili ya kwanza, baada ya kuwasha mshumaa, mama aliwaambia wadogo zangu wazi kwamba fedha za chai zimekwisha katika mahitaji ya shule, hivyo hapatakuwa na nguo mpya. Walinuna siku mbili. Lakini walikuwa na siku zaidi ya ishirini za kuzoea, na siku hizo hazikuwa tupu: palikuwa na punje za kutoa, kopo la kumwagilia, na bibi mmoja mgonjwa wa kupelekewa maharage. Siku ya Krismasi walivaa nguo zao za zamani zilizofuliwa na kupigwa pasi, wakaenda kanisani bila kujificha. Mwenye miaka mitano alibeba kopo lake njia nzima ili watu walione. Mtoto anayeambiwa mkesha hupata pigo. Anayeambiwa mapema hupata somo.

Wengine watasema kwamba jioni watu wamechoka na kazi za shamba. Ni kweli. Kwa hiyo dakika kumi zatosha: punje, aya chache, sala, basi. Ikiwa baba yuko mbali, apigiwe simu Jumapili naye asome aya moja wote wakisikia. Siku akifika na basi hatakuwa mgeni aliyeleta mzigo, bali mmoja wao aliyekuwa akingoja pamoja nao.

Shule yetu ni ya serikali, na wasomaji wa gazeti hili ni wa dini mbalimbali. Wako pia Wakristo ambao makanisa yao hayashiki Majilio. Sikuandika ili kumvuta mtu. Wenzetu Waislamu wanajua jambo hili vizuri. Watoto wao hungoja mwezi wa Ramadhani uandame, na wadogo huzoezwa kufunga nusu siku kabla hawajaweza siku nzima. Wala hawafundishwi kwamba Idi ni kanzu mpya tu. Kwa kila dini, na hata kwa mkulima na mwanafunzi, asiyejua kungoja hupoteza maana ya kile alichokingojea.

Basi, wenzangu wa vidato vya chini, mkifika nyumbani msikae kama wageni wa shule. Wazazi wana kazi nyingi, na mara nyingi hawapati nafasi ya kuanza mambo haya. Ninyi mwaweza. Waombeni ruhusa kwa adabu, mtafute kibakuli, kopo na mfuko, na muwaite wadogo zenu jioni ile ya Jumapili ya kwanza. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi tuliotangulia kuzaliwa tuna sehemu yetu katika malezi hayo.