Dondoo muhimu: Kamera ya kwanza ya kumpiga picha kinyonga wako
Pesa nyingi ziende kwenye lenzi, siyo kwenye kamera. Nikon D3500 ya mtumba inatosha kabisa, ila haina mota ya kulenga ndani yake, kwa hiyo nunua lenzi yenye mota yake. Chagua lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105, yenye uwiano wa ukuzaji wa 1:1. Ya milimita 40 ni nafuu, lakini itakulazimu umsogelee kinyonga hadi sentimita chache, umzibie mwanga na kumtisha. Weka tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11, kisha lenga jicho. Jicho likitoka na ukungu, picha imeharibika. Mwanga wa dirishani unapendeza kuliko flashi ya kamera. Akivimba na kupanua kinywa, acha kupiga, apumzike.