Unasihi kwa Mtoto na kwa Mtu Mzima: Siri Inaishia Wapi

Wengi nchini Tanzania humfahamu afisa ustawi wa jamii kwa mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto, au kwa msamaha wa gharama za matibabu hospitalini. Kazi yake nyingine haijulikani sana, nayo ni kuketi na mtu aliyeelemewa na msiba, hofu au ukatili, na kumsaidia kwa mazungumzo yenye mpango. Huo ndio unasihi. Afisa huyu haandiki dawa. Akiona dalili zinazohitaji tabibu, humpa mteja rufaa. Wala hatazami moyo wa mteja peke yake. Atauliza pia nani analipa kodi ya nyumba, mtoto analala wapi na shuleni kuna nini.

Mtu mzima huja na maneno yake, hata kama yamechelewa kutoka. Mtoto wa miaka 6 hana maneno hayo. Hupewa karatasi, rangi, udongo na wanasesere, na mzazi anayechungulia hudhani muda unapotea bure. Haupotei. Mtoto anayemficha mwanasesere uvunguni kila "baba" anapoingia anaeleza jambo, ingawa mnasihi makini hakimbilii kutoa hukumu: huandika, hungoja, huuliza taratibu. Mchoro mmoja si ushahidi.

Ugomvi huanzia mlangoni, mzazi anapotaka kuambiwa kila neno. Mzazi au mlezi, una haki ya kuelezwa maendeleo ya mtoto na namna ya kumsaidia nyumbani. Maneno yake mwenyewe yaache chumbani, wala usimhoji njiani. Mtoto akigundua kwamba alisemalo linafika nyumbani kabla yake, atanyamaza, na vikao vitakavyofuata havitakuwa na faida.

Hata hivyo, siri hiyo ina mpaka, na mpaka huo uelezwe katika kikao cha kwanza. Mteja, awe mkubwa au mdogo, akionyesha nia ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, mnasihi hana budi kutafuta msaada. Na mtoto akiwa anatendewa ukatili, Sheria ya Mtoto ya 2009 humtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Kwa sheria hiyo, kijana wa miaka 17 bado ni mtoto. Mnasihi anayekuahidi siri isiyo na mpaka anakuahidi asichoweza kukitimiza.

Kabla ya kuanza, uliza cheo chake, msimamizi wake, na kumbukumbu zako zitatunzwa wapi. Anayetaka vikao vifanyike nyumbani kwake, au anayeomba fedha bila stakabadhi, mkatae na utoe taarifa kwa msimamizi wake. Uhusiano wa kimapenzi na mteja ni mwiko, hata mteja akiridhia.

Mtoto asiye na mtu mzima wa kumwamini anaweza kupiga simu mwenyewe, bila malipo, namba 116.