Somo la 12: Klachi ya Pikipiki

Usiku mmoja kijana wa bodaboda aliitwa kumpeleka mama mjamzito zahanati. Zahanati iko juu ya mlima. Walipofika katikati ya mlima, injini ilinguruma sana, lakini pikipiki haikupanda. Ilibidi mama ashuke. Alitembea na uchungu wake gizani, kijana akimshika mkono. Walichelewa kufika, lakini mtoto alizaliwa salama.

Kesho yake kijana alikwenda kwa fundi. Fundi alifungua klachi akaona pleti zimeungua.

"Waya huu umekazwa mno," fundi alisema. "Nani aliukaza?"

"Ni mimi, mzee. Gia zilikuwa zinaingia kwa shida."

"Kukaza kulitakiwa, mwanangu. Lakini ulipita kipimo."

Klachi hufanya kazi gani?

Klachi huunganisha injini na gia. Ndani yake kuna pleti zilizopangwa moja baada ya nyingine. Springi huzibana pamoja. Zikibanana, nguvu ya injini hufika kwenye gurudumu la nyuma. Ukivuta mkono wa klachi, waya huzilegeza pleti. Hapo nguvu hukatika, nawe unaweza kubadili gia.

Waya ukikazwa mno, pleti hazibanani vizuri. Huteleza, hupata moto na kuungua. Injini hulia, mwendo haupatikani, na petroli hupotea bure.

Waya ukilegea mno, pleti haziachani. Gia huingia kwa shida na kwa kelele. Pikipiki husogea hata ukiwa umevuta klachi.

Jinsi ya kurekebisha

1. Zima injini. Acha ipoe. Nyoosha usukani.

2. Vuta mkono wa klachi polepole kwa kidole. Mwanzoni huwa mwepesi, kisha huwa mzito. Pima mwendo ule mwepesi kwenye ncha ya mkono. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20, yaani kama upana wa kidole kimoja. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo kingine, fuata hicho.

3. Legeza nati ya kufungia iliyo karibu na mkono wa klachi.

4. Zungusha skrubu ya kurekebishia. Ukiitoa nje, waya hukaza. Ukiiingiza ndani, waya hulegea. Ikifika mwisho kabla ya kupata kipimo, tumia nati za chini, karibu na injini.

5. Kaza tena nati ya kufungia. Pima mara ya pili.

6. Geuza usukani kushoto, kisha kulia. Kipimo kisibadilike. Kikibadilika, waya umepita vibaya au umebanwa.

7. Washa injini gia ikiwa huru. Vuta klachi, ingiza gia ya kwanza. Pikipiki isisogee. Achia polepole, iondoke bila kushtuka.

Tahadhari

Tazama waya kila wiki. Nyuzi zake zikianza kukatika, nunua mwingine. Usingoje ukatike njiani.

Kwa pikipiki nyingi, pleti hukaa ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za magari hufanya pleti ziteleze. Nunua oili ya pikipiki. Tafuta alama JASO MA kwenye kopo.

Usiendeshe huku umeshika klachi nusu, hata mlimani. Rudi gia ya chini.

Ukirekebisha waya vizuri na klachi bado inateleza, pleti zimekwisha au springi zimechoka. Nenda kwa fundi. Kuzidi kukaza waya hakuponyi pleti iliyokwisha.

Maswali

1. Kwa nini pikipiki ya kijana haikupanda mlima?
2. Waya ukilegea mno, utaona dalili gani?
3. Kipimo cha mwendo mwepesi ni milimita ngapi?
4. Nendeni wawili wawili kwenye pikipiki iliyo karibu. Pimeni mwendo wa mkono wa klachi, kisha mwandike mlichokiona.